Mraba Mmoja kwa Siku

Nilimwahidi Mzee Bukuru kwamba sitaandika neno hata moja juu ya ugonjwa wangu kabla sijameza kidonge cha mwisho. Yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Anayeandika dawa zikiwa bado koponi," aliniambia, "anaandika ili asifiwe. Maliza kwanza, kisha waandikie wanaoumwa." Kidonge cha mwisho nimekimeza juma lililopita, mwezi wa kumi na nane tangu sindano ya kwanza. Sasa naandika.

Mimi ni bwana shamba. Nilisoma chuo cha kilimo kwa miaka miwili, nikapangiwa kazi wilayani kwetu Kibondo, katika kijiji kimoja upande wa Kumsenga, miaka ile watu walipokuwa wamekwisha kuhamia vijijini na kila kaya imepewa kiwanja katika mistari iliyonyooka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na niliamini kwa moyo wote kwamba njaa ni ujinga tu, na kwamba dawa ya ujinga huo ni mimi. Niliwaagiza akina mama wang'oe maboga waliyoyapanda katikati ya mahindi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba shamba safi ni shamba la zao moja. Walinitazama, wakang'oa. Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi. Bustani zao za mboga nyuma ya jiko nilizipita bila kugeuza shingo, kwa kuwa niliziona kuwa michezo ya wanawake. Nayasema haya mapema ili msomaji amjue mtu anayesimuliwa hapa jinsi alivyokuwa kabla hajalazwa juu ya ubao.

Ugonjwa wangu ulijitokeza kwanza katika salamu. Kwetu Buha kijana haamkii mkubwa akiwa amesimama kama mlingoti. Huinama, magoti yakalegea, viganja vikapigwa taratibu, ndipo neno lifuate: "Mwakeye." Mkubwa naye hujibu bila haraka, na mara nyingi salamu huwa ndefu kuliko shauri lililomleta mtu. Kuanzia mvua za mwisho za mwaka ule, mgongo wangu ulikataa kuinama. Nililaumu baiskeli, nikalaumu jembe, nikalaumu godoro la nyasi. Nilianza kuwaamkia wazee nikiwa wima, kichwa tu kikishuka kidogo. Katika mkutano mmoja wa kijiji nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akimwuliza jirani yake, "Huyu vipi, huko chuoni walimtia mti mgongoni?"

"Si mti," mwenzake akajibu. "Ni cheti."

Watu wakacheka. Nikacheka nami, maana kukasirika kungenilazimu kugeuka, na kugeuka kuliniuma.

Mama hakucheka. Siku moja tulikuwa tukichambua maharagwe ya mbegu uani, na punje moja ikaniponyoka. Nilichuchumaa kuifuata, mgongo umenyooka, kisha nikainuka kwa kujisukuma na mikono juu ya mapaja yangu mwenyewe, kama mtu anayepanda ngazi. Mama akamwaga punje nyingine chini kwa makusudi.

"Okota na hiyo."

Nikaokota vilevile.

"Gervas, vua shati."

Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, kutoka shingoni kwenda chini, polepole, hadi kikasimama. "Hapa pana kifundo. Tangu lini?"

"Ni uchovu, Mama."

"Uchovu haujengi kichuguu."

Hata hivyo sikwenda hospitali. Baba mkwe wangu alimleta mganga wa kienyeji wa kuchanja kwa wembe, nami nikachanjwa mara tatu kwa kipindi cha miezi miwili. Simlaumu mganga yule. Alikuwa mpole, na alifanya alichokijua. Wa kulaumiwa ni mimi niliyesoma, niliyejua hospitali iko wapi na nikaogopa kwenda kuambiwa jambo nililokwisha kulishuku. Kiangazi kilipoingia, moshi wa nyasi zinazochomwa ukatanda vilimani, nikawa natembea kwa fimbo. Miguu ilikuwa mizito kana kwamba nimevaa viatu vya udongo. Mke wangu, Skolastika, tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu. Ndiye aliyenifunga kamba za viatu asubuhi moja, akasema bila kuinua uso, "Kesho kuna lori la kwenda Kasulu. Nimekwisha kuzungumza na dereva."

Nilivuka mto Malagarasi nikiwa nimelala chali juu ya magunia ya maharagwe, Mama ameshika kichwa changu mapajani pake ili kisitikisike.

*

Veranda ya hospitali ya misheni kule Kasulu ilikuwa na benchi moja refu la mbao, na benchi lile nalijua kuliko dawati langu la chuo. Palikuwa na mahali palipolainishwa na migongo ya watu. Tulikaa siku mbili tukisubiri nipigwe picha ya mgongo, kwa sababu mashine ya picha ilitegemea jenereta, na jenereta ilitegemea mafuta. Kila aliyeitwa jina aliinuka kana kwamba amechaguliwa kwa jambo jema. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alitugawia karanga za kuchemsha, akimpa kila mtu konzi moja bila kuuliza anaumwa nini. Sikuwahi kulijua jina lake. Konzi ile ya karanga naikumbuka bado.

Daktari aliiinua picha dirishani, akaniambia nina kifua kikuu cha mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa. Nikikaa juu ya ubao miezi mitatu, nikichomwa sindano kila siku, kisha nikavaa koti la plasta na kumeza vidonge mpaka mwaka na nusu utimie, huenda ningetembea kama watu wengine. Nikiinama kabla ya wakati, pingili zingeweza kuporomoka na miguu ikafa. "Huenda" ndilo neno alilolitumia. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, kisha nikalala juu ya ubao na kulia usiku na mchana bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa sababu sikuruhusiwa kugeuza kichwa.

Nesi Adela ndiye aliyetuchoma sindano. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono yenye joto, na kila asubuhi aliniuliza swali lilelile: "Leo upande wa Kibondo au upande wa Kasulu?" Kibondo lilikuwa tako la kulia na Kasulu la kushoto. Baada ya mwezi mmoja wilaya zote mbili zilikuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa. Masikio yangu yakaanza kulia kama nyenje, na mpaka leo sikio la kushoto halisikii vizuri. Vidonge vilinitia kichefuchefu mpaka harufu ya uji ikawa adui. Mapaja yangu yalikonda hata ngozi ikaning'inia, nami nikayatazama kama vitu vilivyosahauliwa kitandani na mtu mwingine.

Pale hospitalini kila mgonjwa hupikiwa na ndugu zake, katika jiko refu lililoko nyuma ya wodi. Mama ndiye aliyebaki nami. Skola alirudi nyumbani kulinda mazao na mbuzi. Mboga zilikuwa adimu, maana ni kiangazi, na Mama alishuka bondeni kila baada ya siku mbili kununua lengalenga, mchicha wetu ule wa majani mapana. Alichoka na njia ile. Akachukua kikapu kikuukuu cha kubebea muhogo, akakitandika majani ya mgomba, akakijaza udongo, majivu na mavi ya mbuzi. Kuku wa hospitali wakakivamia siku ileile. Basi akakiinua, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa mawe, usawa wa kiuno chake, akapanda lengalenga na vitunguu vya majani, vyote pamoja, bila mstari wowote.

Baada ya majuma manne nilitolewa nje na ubao wangu nikaote jua la asubuhi. Nikamwona Mama akichuma mboga. Alikuwa amesimama, na mgongo wake umenyooka.

Nilitazama muda mrefu. Miaka miwili ya chuo haikuwahi kunionyesha mtu anayelima bila kuinama.

*

Mzee Bukuru alikuwa mgonjwa wa ubao wa jirani kabla hajahamishiwa mkekani. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi na familia yake miaka michache nyuma, akapokewa na watu wa upande wetu wa Kumsenga, na kwao alikuwa fundi wa kusuka vihenge, yale maghala ya fito ya kuhifadhia nafaka. Alifika hospitali akiwa amechelewa kuliko mimi. Miguu yake haikurudi. Alikaa mkekani nje ya wodi mchana kutwa akisuka vikapu, na mikono yake ilikuwa na haraka ya watu wawili.

Nilimweleza ninachokitaka: kitu kama kihenge, lakini kipana, wazi juu, kimo cha kiuno, na chenye pande nne zilizo sawa.

"Pande nne?" akauliza. "Kihenge hakina kona, bwana shamba."

"Nataka chenye kona. Nitakigawa ndani kwa kamba, futi moja kwa futi moja."

"Kona ni mahali ambapo panya hukaa kufikiri. Mimi nasuka duara."

"Duara haligawanyiki sawasawa, mzee."

"Nani kasema lazima ligawanyike? Mmetugawa viwanja, sasa mnataka kugawa na mchicha?"

Tulibishana siku tatu, na siku hizo tatu sikukumbuka kwamba naumwa. Sababu yangu ya kutaka miraba ilitoka kwa Nesi Adela. Nilipomwambia nataka kulima nikifika nyumbani, hakunikataza kama nilivyoogopa. Alifikiri, akasema, "Utafanya kazi inayokwisha kabla maji ya uji hayajachemka. Yakichemka, unaacha, hata kama umebakiza mche mmoja." Nikakokotoa mara nyingi kichwani, nikaona kwamba kazi ya muda ule inatosha futi moja ya udongo kila upande: kupalilia, kupunguza miche, kumwagilia. Mraba mmoja kwa siku, kama dozi. Kitanda cha mboga cha futi nne kwa nne kina miraba kumi na sita, na mkono wa mtu aliyesimama unafika katikati kutoka kila upande.

Mzee Bukuru aliposikia kwamba ni dozi, aliacha kubishana. Alisuka viambaza vinne vilivyo bapa, kama milango midogo, vya kufungwa pamoja kwa kamba kwenye nguzo nne. "Kona utazifunga mwenyewe," alisema. "Mimi sijasuka kona." Ndipo aliponitoza ile ahadi niliyoitaja mwanzo.

Miezi mitatu ilipotimia nilivikwa koti la plasta kutoka makwapani hadi nyongani. Nilisimama kwa mara ya kwanza mvua za kwanza zilipokuwa zikipiga bati la wodi. Dunia ilizunguka, Nesi Adela akanishika kiunoni kama mtu anayesimamisha nguzo ya nyumba, akasema, "Haya, kobe, tembea."

Kwenye lori la kurudi, viambaza vilifungwa juu ya mizigo. Abiria mmoja, mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka vitenge Kibondo, alivitazama, akatazama na ugumu wangu. "Bwana, hilo ni zizi la sungura?"

"Ni shamba," Mama akajibu.

"Shamba linalobebwa?"

"Ndiyo. Tumechoka kulifuata."

*

Nikiwa mtaalamu, nilisimamia ujenzi nikiwa nimesimama kwenye kivuli, nikinyoosha kidole. Mama na Skola walijaza mawe chini, wakaweka juu yake vigogo vya migomba, takataka za jikoni, samadi, kisha udongo. Mama alisema vigogo vimezidi. Nilimweleza habari za unyevu na mboji kwa maneno marefu. Alinitazama, akavijaza, kama alivyong'oa siku ile ya maboga. Tukafunga kamba za katani, miraba ikatokea, nami nikapanda mraba wangu wa kwanza: vitunguu kumi na sita, nikivisukumiza udongoni kwa kidole kimoja. Maji ya uji yakachemka. Niliacha, nikaingia ndani, nikalala nikitetemeka kwa uchovu na furaha.

Vigogo vya migomba huoza haraka, na vikioza hushuka. Mwezi mmoja baadaye kitanda kizima kilikuwa kimezama zaidi ya shubiri moja. Ili niufikie udongo ilinibidi niiname. Nilijiambia ni kidogo tu. Karoti zilikuwa zinasongana, na mtu aliyesoma hawezi kutazama karoti zikisongana. Nikajilaza ubavu juu ya ukingo, plasta ikanikata mbavuni, nikanyoosha mkono. Kitu fulani mgongoni kikasogea.

Jioni ile miguu yote miwili ilishikwa na ganzi hadi magotini. Skola alinichoma kwa mwiba wa ndimu kwenye wayo, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" nami nikajibu "Ndiyo" mara mbili nikidanganya, na mara ya tatu nikashindwa kudanganya. Alikaa chini akafunika uso. "Gervas," akasema, "mimi naweza kuishi na mume asiyelima. Naweza kuishi na mume asiyetembea. Siwezi kuishi na mume anayenificha."

Nililala chali majuma matatu. Nilikuwa na hakika nimeiua miguu yangu mwenyewe kwa sababu ya karoti. Siku ya kumi na moja kidole gumba cha mguu wa kulia kikawashwa, na sijawahi kufurahia kuwashwa namna ile. Wakati huohuo Mama, bila kuniuliza, alikifumua kitanda, akatoa vigogo vilivyooza, akaongeza mawe na udongo mkavu wa msituni hadi ukingo ukapita kiuno. Kisha akapanda mbegu za maboga kwenye kona mbili, zishuke nje kwa kutambaa. Niliziona nilipotoka. Nilizimwagilia.

*

Katika mwezi wa pili wa mwaka mpya, watu walipokuwa wakipanda maharagwe ya awamu ya pili, baba mkwe alikuja. Nilijua sababu. Maneno yalikuwa yamemfikia: kwamba bintiye analima peke yake, kwamba ugonjwa wangu unaambukiza hata kwa kutazama, kwamba mimi hukaa uani nikichezea udongo kama mtoto, na kwamba nimekuwa na kiburi hata siamkii watu. La mwisho ndilo lililomuuma zaidi.

Alisimama mwanzo wa ua, fimbo mkononi, akangoja. Kwa desturi yetu hakuweza kuzungumza na mkwe kabla hajaamkiwa, na mimi sikuweza kumwamkia mkwe nikiwa wima. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nikipunguza miche. Skola akatoka jikoni, akapiga magoti, akamwamkia. Alimjibu kwa ufupi, macho yakiwa kwangu.

"Nimekuja kumchukua binti yangu akapumzike nyumbani," akasema hatimaye, akimwambia Skola lakini akinilenga mimi. "Mwanamume asiyelima nimewahi kumwona. Asiyelima na asiyeamkia, sijamwona."

Miguu yangu ilikuwa na majuma machache tu tangu irudi. Nilijua vizuri nilichokuwa nakaribia kukifanya. Niliweka mkono mmoja juu ya paja, nikaanza kushuka.

"Usiiname!" Skola akapiga kelele.

Mama alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na ungo wa maharagwe. Aliuweka chini, akapiga magoti, akamwamkia mgeni salamu yote kamili, ya mifugo na ya mvua na ya watoto. Alipomaliza akasema, "Baba Skola, mwanangu hawezi kushuka. Daktari amemfunga. Lakini salamu haidai kijana awe mavumbini. Inadai awe chini ya mkubwa wake. Sivyo?"

"Ndivyo," mzee akakubali, kwa tahadhari.

"Basi kama yeye hawezi kushuka, wewe panda." Akaonyesha rundo la mawe yaliyobaki kando ya kitanda.

"Nipande wapi?"

"Hapo juu ya mawe."

"Mimi? Mzee mzima nipande mawe kama mbuzi?"

"Mbuzi hupanda afuate majani. Wewe panda ufuate heshima yako."

Skola alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Nje ya ua jirani wawili walikuwa wamesimama na majembe begani, hawaendi mbele wala nyuma. Baba mkwe aliwatazama, akanitazama, akatazama mawe. Kisha akamkabidhi Skola fimbo yake, akakunja koti, akapanda. Jiwe la kwanza likacheza. "Shikeni!" akasema, na Mama akamshika kiwiko. Akafika juu, akajiweka sawa, kichwa chake kikiwa juu ya changu kwa dhiraa nzima.

Niliweka chini kijiti cha kupandikizia. Nikashusha kichwa, nikapiga makofi taratibu, udongo ukidondoka kutoka viganjani. "Mwakeye, baba." Nilimwuliza nyumba, ng'ombe, maharagwe, mvua, kila mtoto kwa jina lake. Alijibu kila jambo. Sidhani nimewahi kumwamkia mtu kwa muda mrefu hivyo. Tulipomaliza, hakushuka. Alikuwa anatazama kitanda kutoka juu.

"Mmekigawa kama kijiji," akasema. "Na huyu aliyekaa peke yake?"

"Kabichi, baba."

"Na hawa wengi?"

"Vitunguu. Kumi na sita kwenye mraba mmoja."

"Kabichi ana kiwanja peke yake, vitunguu kumi na sita wanabanana. Kumbe hata hapa kuna wakubwa." Jirani mmoja akaangua kicheko. Mzee naye akacheka kidogo, kisha uso wake ukatulia. "Unalima kiasi gani kwa siku?"

"Mraba mmoja."

"Ukimaliza huo?"

"Naacha."

"Hata kama unaweza zaidi?"

"Niliwahi kujaribu zaidi, baba. Miguu ikafa majuma matatu."

Aliitazama miguu yangu, kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Umebakiza dawa za muda gani?"

"Mwaka mmoja bado."

"Na ukizimaliza, daktari anasema utalima kama wengine?"

"Anasema huenda."

"Basi zimalize," akasema, akampa Mama mkono ili ashuke.

Alilala kwetu siku mbili. Aliondoka na fungu la lengalenga, na Skola akabaki. Juma lililofuata alirudi na gunia la samadi ya mbuzi, iliyokauka vizuri, akalimwaga mwenyewe kwenye kitanda cha pili ambacho Mama alikuwa ameanza kukijenga. Tangu siku ile hakuna aliyetaja tena cheti cha mgongoni mwangu. Wazee wengine wakifika huuliza tu, "Mawe yako wapi?" wakapanda wakicheka, na wakiwa juu huuliza habari za kupanda.

*

Plasta ya kwanza ilikatwa kwa msumeno mwishoni mwa mvua. Ngozi iliyokuwa ndani ilikuwa ya kijivu, imejaa magamba, na ilinuka vibaya. Skola aliikanda kwa mafuta ya mawese siku nyingi na hakukunja pua hata mara moja, ingawa aliniomba nisimwambie mtu kwamba alitapika baadaye. Nikavikwa ya pili, fupi zaidi. Hiyo nayo ikatoka kiangazi kilichofuata. Kifundo kimebaki, kama yai la kuku chini ya shati. Nimepungua kimo kidogo. Nainama sasa, polepole, kwa kiasi.

Akina mama wazee ndio waliokuwa wa kwanza kuomba vitanda vyao, kisha wajawazito, kisha mwalimu mmoja mwenye mguu mfupi. Mzee Bukuru amerejea Kumsenga na anasuka viambaza akiwa amekaa. Hatatembea, na nilipomtembelea aliniambia hivyo mwenyewe kabla sijatafuta maneno. Anauza vizuri. Sijawahi tena kumwambia mtu ang'oe boga.

Siandiki haya ili niseme kwamba mboga ziliniponya. Dawa ndizo zilizoniponya, na subira ya wanawake wawili. Lakini bila kazi ile ndogo ya kila asubuhi nisingelivumilia miezi kumi na minane ya vidonge. Ningeliacha mwezi wa sita, nilipoanza kujisikia mzima, kama wengi niliowaona wakirudishwa wodini wakiwa wamebebwa.

Ndugu msomaji, nina ombi. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa muda mrefu, usimnyang'anye kazi yote kwa huruma, wala usimtwike kazi yote kwa hasira. Mwulize mkono wake unafika wapi bila kumuumiza, umwekee kazi hapo hapo, kidogo, kila siku. Na kila asubuhi, kabla hajaigusa, simama mbele yake umwone kwa macho yako akimeza dawa.